Mwenzangu wa Ngazini

Nyinyi vijana wa mjengo mnapita hapa mlangoni kwangu mtaani Wabera kila asubuhi mkiniuliza, "Mzee Mugambi, magoti yanasemaje leo?" Mnacheka, na mimi nacheka. Magoti hayasemi kitu sasa. Yalisema zamani nikakataa kuyasikia. Juzi nilimwona mmoja wenu akipandisha mfuko wa simiti ghorofani ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, mgongo umepinda nyuma, nikataka kupiga kelele. Nikajizuia, kwa sababu mtu mwenye mzigo ngazini hapigiwi kelele. Badala yake nimeamua kuandika, msome mkiwa mmekaa chini na mikono ni mitupu.

Kazi yangu ilikuwa kupandisha vifaa vya ujenzi kwenye ngazi za nyumba za mji huu, tangu mwanzo wa miaka ya sabini hadi ile ya themanini ilipoanza kuchoka pamoja nami. Sikuwahi kujenga hata ukuta mmoja. Fundi ndiye aliyejenga, mimi nilihakikisha fundi aliye juu hakosi mchanga, kokoto, mawe, nondo, mbao wala maji. Ghorofa za Isiolo wakati huo zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa za wafanyabiashara, duka chini na familia juu. Mwenye nyumba akijaliwa, anaongeza chumba juu ya paa, na familia haihami hata siku moja. Wanapika, wanalala, watoto wanasoma Kurani, na wewe unapita katikati yao na karai la kokoto kichwani. Mjengo wenu una upepo na hauna mtu. Wangu ulikuwa nyumba ya watu, na hilo ndilo lililonifunza adabu.

Tuanze na simiti, maana hapo ndipo mnaponiudhi. Mfuko unakaa juu ya mabega, nyuma ya shingo, umelala vile mchungaji anavyombeba mbuzi aliyevunjika mguu. Mwenzako akutwishe. Usijitwishe peke yako kama kuna mtu wa kukutwisha. Mguu wote ukanyage kidato, kwa sababu anayepanda kwa vidole anatafuta kuanguka. Mchanga uombe mkavu hata kama utakuingia machoni, la sivyo utakuwa unapandisha maji bure. Na kidato cha mwisho kabisa usikiamini. Mafundi wa wakati ule walianza ngazi kwa kipimo wakaimalizia kwa matumaini. Vya chini vyote vilikuwa sawa, cha juu ama kirefu ama kifupi. Kabla hujabeba kitu, panda na kushuka mikono mitupu, uijulishe miguu njia.

Sikuzaliwa nayajua haya. Nilishuka kutoka Meru baada ya kumzika mke wangu, ambaye alifariki kabla hatujapata mtoto. Kule nyumbani kila nilipotoka nilikutana na mtu wa kunipa pole, hadi nikachoka kupewa pole. Nikasema bora niende mahali hakuna anayenijua. Jambo nililosahau ni kwamba mahali usipojulikana hakuna wa kukuuliza umelalaje. Nilipanga chumba kimoja, nikawa natoka alfajiri narudi jioni, na siku nyingine neno langu la mwisho lilikuwa kumwambia mwenye duka asante kwa mkate. Upweke hauumi siku ya kwanza. Unaanza kuuma pale unapoona umeuzoea.

Guyo nilimkuta kwenye nyumba ya mwenye malori mmoja tuliyemwita Haji. Babu yake Haji, Msomali, alikuja huku na jeshi la mkoloni akabaki, na familia ikaingia katika uchukuzi. Haji alikuwa anaongeza vyumba viwili juu ya paa kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anaoa. Guyo alikuwa Mborana, mrefu, mkimya, ametoka malishoni upande wa Gotu baada ya ukame kumaliza ng'ombe wa baba yake. Foremani wa mjengo alitutazama, mimi mfupi na yeye mrefu, akasema, "Nyinyi wawili mtabeba pamoja."

Foremani yule alikuwa na mdomo mchafu lakini alijua kazi. Mzigo wa watu wawili ngazini una sheria yake. Mfupi anakaa juu, mrefu anakaa chini, ndipo mzigo unalala sawa. Wa chini ndiye anayebeba uzito hasa, na haoni kitu ila mzigo wenyewe. Wa juu anarudi kinyumenyume, na kazi yake kubwa ni kusema: kona, kidato, simama, inua kidogo. Wa juu akinyamaza, wa chini ni kipofu. Wa chini akiteleza, wa juu anafuatana na mzigo hadi chini. Kwa hiyo usibebe na mtu usiyempenda. Au ukibeba naye, mpende mpaka mfike juu.

Asubuhi ya kwanza mawe ya kuchonga yalikuwa yanatungoja. Nikainama nishike. Guyo akabaki amesimama.

"Nagaa?" akaniuliza. Kwa Kiborana hiyo ni amani.

"Nzuri tu," nikajibu nikiwa nimeinama.

"Watu yako iko mzima?"

"Wazima."

"Kwenu mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Shika basi."

"Ng'ombe je, iko salama?"

Nikanyooka. "Guyo, mimi sina ng'ombe."

Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiona hata siku ya mazishi. "Mbuzi?"

"Pia sina."

"Basi," akasema polepole, "Mungu iko." Ndipo akashika upande wake.

Nilidhani ni salamu ya siku ya kwanza. Wapi! Ilikuwa kila asubuhi, kwa mpangilio uleule, na foremani akitutukana kutoka juu ya paa. Guyo hakugusa mzigo kabla hajapata habari zote. Siku moja nikafanya mzaha. Alipofika kwenye ng'ombe nikamwambia sina, lakini kuku wangu anamsalimia. Kumbe nimejitafutia kazi. Kesho yake akauliza, "Kuku iko mzima?" Keshokutwa pia. Kuku hakuwepo! Wiki nzima nilimtunza kuku wa uongo, mara ametaga, mara ana mafua, hadi nikaona nimechoka kufuga. Nikamwambia ameliwa na paka. Guyo akavua kofia, akanipa pole kwa maneno mengi, na kwa siku kadhaa alikuwa akimwangalia vibaya kila paka wa Haji.

Mnacheka. Lakini eleweni kitu kimoja. Katika mji mzima, huyo ndiye mtu pekee aliyeniuliza kuhusu chochote. Nilianza kuamka mapema ili nifike kazini niulizwe.

Ni yeye pia aliyenifunza adabu ya nyumba za Waislamu. Mwanamume hapandi tu ngazi, lazima atoe sauti ili akina mama wajifunike au waingie ndani. Mimi, Mmeru niliyelelewa vizuri, nilijua hodi. Siku moja Guyo alikuwa ameenda kuswali na nikapanda peke yangu na mfuko wa simiti shingoni. Nikafika karibu na mlango wa juu, nikaita, "Hodi!" Kimya. Nilisikia mtu yumo ndani. Nikaita tena. Kimya. Kwetu hodi isipojibiwa huingii, kwa hiyo nikasimama. Aliyekuwa ndani ni mama yake Haji, bibi ambaye watoto walimwita ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, na ayeyo alikuwa katikati ya swala. Anayeswali hajibu hodi. Alipomaliza akaanza dua, na dua ya bibi yule haikuacha mtu nje. Aliomba kwa ajili ya malori, madereva, wajukuu, walio safarini na walio makaburini. Jasho langu lilikuwa linatona kwenye kidato. Hatimaye akatoka, akaniona nimekauka pale chini ya mfuko.

"Wewe mtoto wa Meru! Uko hapo tangu saa ngapi?"

"Nilipiga hodi, mama."

"Na hiyo hodi ndiyo inabeba simiti?" Akacheka hadi akashika ukuta. Nilipoteremka akanitumia chai ya maziwa ya ngamia, na kuanzia siku hiyo, kila akiswali alikuwa anamtuma mtoto mlangoni atuambie tupite.

Guyo aliporudi nikamsimulia. Hakucheka. Akasema, "Omba njia kwanza, halafu beba. Usiombe njia mzigo ikiwa kwa shingo." Nimeona watu wengi maishani wakipatwa na shida kwa kutojua maneno hayo, na si ngazini tu.

Tulibeba pamoja kwenye nyumba nyingi baada ya ile. Watu wakitaka kuongeza chumba, walituita sisi wawili kwa pamoja. Ngazini nilikuwa nasema bila kunyamaza, na yeye akijibu kwa kuguna tu, na mguno ule nikaujua vizuri, wa kuchoka, wa kukasirika, wa njaa ya Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani sikunywa maji mbele yake. Hakuniomba hivyo, ila mtu anayekushikia uzito chini huwezi kumnywea maji usoni.

Lakini tangu mwanzo nilijua ataondoka. Guyo hakuwa mtu wa mji. Kila alichopata kilikuwa kinageuka mbuzi, na mbuzi walikuwa wanamngoja kwa shemeji yake Gotu. Baadaye mbuzi wakageuka mitamba. Alikuwa anangoja jambo moja tu, mvua nzuri ya kurudisha nyasi. Watu wote wa Isiolo walikuwa wanaomba mvua. Na mimi niliomba, msinielewe vibaya, lakini kila mawingu yalipokusanyika nilikuwa nageuka nitazame kwingine.

Mvua ilitukuta tena kwa Haji. Alikuwa ameturudisha ili tupandishe kipande cha reli ya zamani cha kushikilia paa la veranda ya juu. Chuma cha reli hakina huruma. Hakipindi, hakina pa kushika, na ngazi ya Haji ilikuwa na kona katikati. Tulikuwa tumefika hapo kwenye kona, mimi juu nikitafuta pembe ya kukipitisha, tone la kwanza likaanguka. Halafu ikamwagika yote. Nyumba nzima ikalipuka. Watoto walikimbilia nje wakipiga kelele, ayeyo alitoka na sufuria, hata foremani akaacha kutukana. Paa lilikuwa bado halijafunikwa, maji yakaanza kuteremka kwenye vidato.

"Guyo, tushushe?"

"Hapana. Wewe ongea tu."

Nikaongea. Kidato, kona, inua, kidato. Kutoka chini ya chuma nilisikia mguno ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, na najua haukuwa wa uzito. Angeweza kuniambia tuweke chini akatoke akaione mvua aliyoingoja miaka mingi. Hakufanya hivyo. Tulifika juu, tukalaza reli, ndipo akatembea hadi ukingo wa paa akasimama akiloa, uso ameuelekeza upande wa Gotu ambako mbingu ilikuwa nyeusi hadi chini.

"Hii imefika kwetu," akasema.

Nikamwambia, "Alhamdulillahi," kwa sababu hilo ndilo neno alilostahili kusikia.

Aliondoka kabla ya matope kukauka. Asubuhi ile alikuja chumbani kwangu, akanisalimia salamu nzima, watu, mvua, na alipofika kwenye ng'ombe akasimama.

"Iko mtamba moja kwa ng'ombe yangu," akasema. "Ile ni yako."

"Guyo, nitafanya nini na ng'ombe? Hata chumba hiki hakinitoshi."

"Itakaa kwangu. Lakini yako." Akaona bado sijaelewa. "Mtu hana ng'ombe, mimi nitamsalimia aje?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenye mifugo. Watu wa Gotu waliokuja mjini kuuza wanyama walikuwa wakinitafuta kwenye mjengo. Mtu nisiyemjua anasimama chini ya ngazi, anauliza, "Mugambi ni nani?" Kisha ananieleza ng'ombe wangu ananenepa, ng'ombe wangu ana mimba, ng'ombe wangu amezaa ndama jike. Mafundi walikuwa wanaacha mwiko kusikiliza. Nilitamani kwenda kumwona, lakini njia ya huko haikuwa ya mtu wa miguu asiyejua maji yalipo, na nyakati nyingine haikuwa salama. Kila mara nilisema nitaenda nikipata mtu wa kufuatana naye. Sikumpata.

Nilibeba na wengine. Mmoja alikuwa na nguvu kumshinda Guyo lakini alikuwa anaimba, hasikii nikisema kona. Mwingine alinyamaza kabisa, ukimwita haguni hata kidogo, ni kama kubeba na ukuta. Mwishowe nikawa nachukua kazi za mtu mmoja, mifuko na makarai, napanda na kushuka nikijiambia mwenyewe "kidato, kona" kwa sauti. Watoto wa nyumba moja walidhani nina kichaa.

Kisha ikaja kapi, lile gurudumu linalopitishwa kamba ukavuta karai kutoka nje ya nyumba hadi juu. Sina ugomvi na kapi. Iliokoa migongo, na kama ingekuja mapema ningekuwa natembea vizuri leo. Ukiitumia, funga fundo mara mbili, na usisimame kamwe chini ya karai hata kama wewe ndiye uliyelifunga. Lakini kapi ilituondoa ndani ya nyumba. Hakuna tena kuomba njia, hakuna ayeyo wa kukucheka, hakuna chai. Unasimama nje juani unavuta kamba, na mtu wa juu humwoni, unaona mikono yake tu ikipokea. Nilikuwa nalala bila maumivu, na bila neno la kukumbuka la siku hiyo.

Ukame wa miaka ya themanini mmesimuliwa na wazazi wenu, sitaurudia. Nitasema tu kwamba watu wa Gotu waliacha kuja kunitafuta. Mwanzo nilidhani wana shughuli. Baadaye nikawa naenda mwenyewe sokoni kwa mifugo kuuliza, na niliyemuuliza anatazama chini. Mjengo nao ulisimama, kwa sababu mji ambao wateja wake ni wafugaji hauongezi ghorofa mifugo ikifa.

Siku moja mchana nikiwa nimekaa mlangoni nilimwona mtu mrefu anakuja barabarani, amebeba kitu begani kimekunjwa na kufungwa kamba. Nilimjua kwa mwendo, maana kwa mwili nisingemjua. Alikuwa amebaki mifupa na kanzu. Nikasimama, nikamshika mikono, nikamkalisha, nikampa maji. Alikunywa kidogo akaweka kikombe chini.

"Nimekuja mwenyewe," akasema, "kwa sababu hii si habari ya kutumana. Ng'ombe yako imekufa. Ndama yake ilitangulia."

Akanieleza kwa utaratibu. Nyasi zilipoisha alimkatia majani ya miti. Ng'ombe akidhoofika akalala, hawezi kuinuka peke yake, lazima ainuliwe kila asubuhi, na akishasimama anaweza kutembea. Guyo na shemeji yake walimwinua, mmoja mkiani, mmoja mbele. "Mimi nilikuwa nyuma," akasema, "chini, kwa uzito. Shemeji haijui kusema. Nilikuwa naambia yeye, sema basi, sema, Mugambi alikuwa anasema." Walimwinua siku nyingi. Halafu asubuhi moja akakataa.

Akafungua kamba akaikunjua ngozi kwenye sakafu ya chumba changu. Ilikuwa nyekundu, na doa jeupe ubavuni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona ng'ombe wangu.

"Na zako, Guyo?" nikamuuliza. "Zako ziko vipi?"

Akalainisha ukingo wa ngozi kwa kiganja.

"Yako ndiyo ilikuwa ya mwisho," akasema.

Nilikuwa na uchungu. Na nitawaambia ukweli wote, kwa kuwa mimi ni mzee na sina wa kumficha: chini ya uchungu ule nilikuwa na furaha. Miaka yote ile nilitamani mtu huyu arudi, na sasa amekaa kwangu, magoti yake yanagusa yangu. Alikuwa amepoteza kila kitu ili mimi nipate mtu wa kuongea naye. Sijawahi kujua niiweke wapi furaha hiyo. Bado ninayo.

Jua likapungua. Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, "Kesho iko kazi?"

"Iko," nikamwambia.

Haikuwepo. Nilikuwa sijagusa karai kwa majuma. Asubuhi tukaoga, tukanywa chai ya rangi, tukatoka wawili kwenda kuitafuta.